Kisangani: Sufuria nzito za zamani, sababu gani haifai kuziuza kwa kilo

Katika manyumba fulani ya Kisangani, iwe Makiso, Mangobo ao Lubunga, bado kuko sufuria moja nyeusi, nzito, yenye hakuna mutu anaipikia tena. Inakaa nyuma ya jikoni. Mvua inaijaza maji, kuku wanakunywa ndani, kutu inaikula pole pole. Siku mununuzi wa feraye anapita na kilo yake, ni hiyo inatoka ya kwanza, maana inalemea sana. Familia inapata franka za chakula cha siku moja. Kisha mama anaenda soko kununua sufuria mupya ya aluminium, ile yenye wafundi wanamimina katika muchanga.

Kubadilisha sufuria namna hiyo kunaonekana kuwa jambo dogo. Lakini wachunguzi wa mambo ya afya wameonyesha kama sufuria fulani za aluminium za kumimina zinaweza kutia sumu katika chakula cha watoto, na kama sufuria ya chuma inaweza kufanya kazi yenye aluminium haiwezi. Habari hii inaeleza zile sufuria za zamani ni kitu gani, zilifika namna gani huku kwetu, faida na hatari yake, na namna ya kuzitengeneza tena kwa vitu vyenye vinapatikana soko.

Fonti ni chuma gani?

Sufuria hizo zinatengenezwa kwa fonti. Fonti ni chuma chenye kuchanganyika na kaboni, kama vile asilimia 2 mpaka 4. Hiyo kaboni inafanya chuma kiyeyuke mapema kuliko chuma cha kawaida, karibu na digri 1 150 mpaka 1 200. Kikiyeyuka kinakuwa maji-maji, na mufundi anakimimina ndani ya umbo la muchanga. Kikipoa, sufuria iko tayari.

Kuko pia ubaya. Kaboni ile inafanya fonti iwe ngumu lakini haipindame. Chuma cha panga ukikipiga nyundo kinapinda, fonti inapasuka. Ndiyo maana sufuria yenye imedumu miaka 70 inaweza kuvunjika siku moja ikianguka kwenye saruji.

Wachina walijua kumimina fonti zaidi ya miaka 2 000 iliyopita. Katika Ulaya, Muingereza Abraham Darby alipata hati ya serikali katika mwaka 1707 kwa namna yake ya kumimina sufuria za chuma katika muchanga, na kazi hiyo ikasambaa.

Wazee wetu wa Tshopo nao walikuwa mafundi wa chuma, tena wa sifa. Watopoke, Waturumbu na Walokele walitumia feza ya chuma yenye umbo la mukuki mukubwa, fulani karibu na urefu wa mutu, kwa kulipa mahari na deni kubwa. Lakini chuma chao kilikuwa cha kufua: kinapashwa moto, kinapigwa nyundo, kinapashwa tena. Hawakukimimina. Kwa kupika, wamama walitumia nyungu za udongo. Kwa hiyo sufuria ya fonti ilitoka mbali.

Zilifika namna gani?

Kisangani ilianza kama kituo mu mwaka 1883, na kwa muda murefu ikaitwa Stanleyville, mpaka 1966. Vitu vizito kutoka Ulaya vilikuwa na njia moja kubwa: meli mpaka Matadi, kisha treni mpaka Kinshasa tangu 1898, halafu mashua ya muto kwa kilometa zaidi ya 1 700 mpaka hapa. Wenye walikuwa wanaenda zaidi upande wa juu ya maporomoko ya Boyoma walipakia tena vitu mu treni upande wa Lubunga, kwenye reli ya kilometa 125 yenye ilifika Ubundu, wakati ule Ponthierville, mu 1906.

Viwanda vya fonti vilikuwa vingi Ulaya. Katika Ubelgiji, muji wa Couvin ulijulikana kwa kumimina majiko na vyombo. Katika Ufaransa kulikuwa Godin, tangu 1840, na Le Creuset, tangu 1925. Falkirk, kule Scotland, ilijulikana kwa kutuma Afrika sufuria za tumbo munene na miguu 3, zenye zinasimama peke yake juu ya moto wa kuni.

Kisha aluminium ikafika. Ni nyepesi, inangaa, haishike kutu, na inapata moto haraka. Vita navyo vilisaidia. Kisangani iliona mapigano ya 1964, na siku 6 za mwezi wa 6 mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya muji. Mutu mwenye anakimbia na mutoto mugongoni anabeba sufuria nyepesi juu ya kichwa. Ile nzito inabakia.

Namna ya kuitambua

Majaribio 4 yanatosha.

La kwanza ni sumaku. Toa sumaku ndani ya bafle la redio yenye imekufa, uiweke kwenye sufuria. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, ni aluminium.

La pili ni uzito. Kwa ukubwa ule ule na unene ule ule, fonti inapita aluminium kwa uzito zaidi ya mara 2 na nusu.

La tatu ni sauti. Inua sufuria kwa mushikio, ipige polepole na kijiti cha muti. Ikilia kama kengele, iko nzima. Ikitoa sauti fupi, yenye kufa, kuko ufa pahali fulani, hata kama hauonekane.

La ine ni alama. Geuza chini. Sufuria nyingi zina namba ya ukubwa, jina la kiwanda ao la muji. Zingine za zamani sana zina kovu refu katikati ya sehemu ya chini: ni pale fonti iliingilia wakati wa kumimina. Kovu hilo haiko ufa.

Usichanganye fonti na sahani ao sufuria nyembamba za emaye, zile za rangi nyeupe ao buluu zenye kutoka vipande. Kuko pia fonti yenye imepakwa emaye ndani. Kama emaye ya ndani imeanza kupasuka na kutoka vipande, afazali kuiacha isipikiwe tena: vipande vinaingia katika chakula, na rangi fulani za zamani zilikuwa na metali zenye sumu.

Sababu gani wafundi wetu wanamimina aluminium, hawamimine fonti?

Jibu ni moto. Aluminium inayeyuka kwa digri 660. Shimo la makala na upepo wa kupuliza vinafikisha moto huo bila shida. Fonti inaomba karibu mara 2. Kwa hiyo mufundi wa kartie anaweza kutengeneza sufuria mupya ya aluminium kila siku, lakini sufuria ya fonti yenye imevunjika hawezi kuiyeyusha na kuimimina tena. Ikienda kwa feraye, imeenda.

Aluminium ya wafundi inatoka wapi? Inatoka kwa pistoni na vichwa vya motere, kwa mikebe, kwa vipande vya masine na vyombo vyenye vimekufa. Shida inaanzia hapo. Kati ya hivyo vitu muna vingine vyenye kuwa na plombu ndani, ile metali laini ya betri, yenye katika vitabu inaitwa risasi. Radiatere zenye zimeunganishwa kwa soda ya plombu, vipande vyenye rangi ya zamani, aluminium yenye kuchanganywa na metali zingine: vyote vikiingia katika chungu kimoja, plombu inaingia ndani ya sufuria. Na kwa kuwa plombu inayeyuka kwa digri 327 tu, moto wa mufundi hauitenganishe na aluminium.

Mu mwaka 2014, wachunguzi wa chuo kikuu cha Ashland, Marekani, pamoja na shirika moja lenye kushugulika na afya ya wafanyakazi, walitangaza matokeo ya sufuria za kumimina za Kameruni: plombu ilikuwa inatoka na kuingia katika chakula. Mu 2017 walitangaza tena, safari hii juu ya vyombo 42 vya inchi 10, kati yao Kenya na Tanzania. Zaidi ya theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa plombu ya kutosha kuleta hatari. Kwa kupima, walichemusha ndani maji yenye ukali kidogo, kama vile chakula chenye ndimu ao tomati.

Sababu gani hiyo ni nzito? Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linasema hakuna kiasi cha plombu chenye kinajulikana kuwa bila hatari. Mwili wa mutoto mudogo unapokea plombu yenye ameikula mara 4 mpaka 5 kuliko mwili wa mutu mukubwa. Inaingia katika ubongo na mifupa. Mutoto haanguke, hatapike, hana homa. Ila akili inapungua, masomo yanakuwa magumu, anakosa utulivu, na kile chenye kimeharibika katika ubongo hakirudie. Mu 2020, UNICEF na shirika Pure Earth walikadiria kama mutoto 1 kati ya 3 katika dunia ana plombu nyingi katika damu. Vyombo vya kupikia ni njia moja kati ya nyingi, pamoja na betri za zamani na rangi za ukuta.

Hii haina maana wafundi wa sufuria ni watu wabaya. Ni kazi ya mikono yenye inalisha familia, na sufuria zao ziko za bei ndogo. Mufundi mwenye anachagua feraye yake, mwenye hatie radiatere, betri wala vipande vya rangi katika chungu chake, anapunguza hatari. Naye mwenyewe, mwenye kupumua ule moshi kila siku, ni wa kwanza kupata faida.

Chuma katika chakula na damu ya watoto

Upande wa fonti, kuko jambo la kinyume. Nayo pia inaacha kidogo ya metali yake katika chakula, lakini hiyo metali ni chuma, na mwili unahitaji chuma kwa kutengeneza damu.

Mu mwaka 1999, gazeti la waganga The Lancet lilitangaza uchunguzi wenye ulifanyika Ethiopia, juu ya watoto wa miaka 2 mpaka 5. Familia fulani zilipewa sufuria za chuma, zingine za aluminium. Kisha mwaka mumoja, watoto wenye walikula chakula cha sufuria ya chuma walikuwa na damu ya kutosha kuliko wale wengine, na walikuwa wamekomaa zaidi.

Katika Kongo, uchunguzi wa serikali wa 2013-2014 juu ya watu na afya ulionyesha kama karibu watoto 6 kati ya 10 wenye wako chini ya miaka 5 wanakosa damu ya kutosha. Lakini inafaa kusema mambo wazi: kwetu malaria na minyoo vinaikula damu sana, na sufuria haiponyeshe malaria. Mutoto mwenye midomo myeupe, mwenye kuchoka na kupumua mbio, anapelekwa ku santé, hapelekwe jikoni. Na kwa mutoto wa SS, ule wa ugonjwa wa seli mundu, zaidi mwenye amekwisha kutiwa damu mara nyingi, familia iulize munganga kwanza: katika mwili wake chuma kinaweza kupita kiasi.

Maulizo ya kwanza: sufuria ilifanya kazi gani?

Mbele ya kusugua, uliza wazee wa nyumba ile sufuria ilitumika kwa nini. Ni jambo la maana kuliko kutu. Kutu inatoka, sumu fulani hazitoke.

Kama mutu aliyeyusha plombu ndani yake, kwa kutengeneza uzito wa nyavu za samaki ao kitu kingine, sufuria hiyo haifai kwa chakula tena, hata ikingaa namna gani. Vilevile kama ilitumiwa katika kazi ya zahabu. Katika Bafwasende na pahali pengine pa Tshopo, kuko watu wenye kuchimba zahabu kwa mikono, na wengine wanaikamatisha kwa merkire kisha wanachoma. Sufuria yenye ilichomewa merkire haipikiwe sombe. Dawa za shamba, maji ya betri na rangi, nazo ni vile vile.

Kama hakuna mutu anajua habari yake, na ndani kuko alama za metali ya kijivu yenye kungaa na laini kukwaruza kwa kucha, iache.

Kuitengeneza, hatua kwa hatua

1. Kutoa mafuta ya zamani. Ukoko mweusi, munene, ni mafuta ya miaka mingi. Njia ya polepole ni maji ya moto, sabuni, muchanga na kusugua, siku mbili ao tatu. Njia ya nguvu ni ile soda ya kutengeneza sabuni: nusu kilo katika litri 20 za maji, ndani ya ndoo ya plastiki, sufuria inalala humo siku chache. Hapa inafaa kuwa muangalifu sana. Soda inachoma ngozi na inaweza kupofusha macho. Tia soda katika maji, usitie maji juu ya soda. Vaa gan za mupira na miwani, fanya kazi inje, funika ndoo, na weka watoto mbali. Ikigusa ngozi, osha mara moja kwa maji mengi. Na usitumie kamwe ndoo ya aluminium: soda inaikula, inachemuka na inatoa gazi yenye kuwaka.

Watu wengine wanatupa sufuria ndani ya moto mukubwa ili ukoko uungue. Haiko njia nzuri. Fonti yenye imekuwa nyekundu kwa moto inaweza kupinda ao kupasuka, na uso wake unaharibika.

2. Kutoa kutu. Kutu kidogo inatoka kwa brosi ya chuma ao kipande cha tofali na maji. Kutu nyingi inaomba vinegre: nusu vinegre, nusu maji. Loweka nusu saa, toa, sugua, angalia. Kama bado, rudia. Usiiache usiku muzima, maana vinegre ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Masine ya kusagia vyuma inakwenda mbio lakini inafuta alama za kiwanda na inaacha mikwaruzo.

Wenye kuwa na umeme ao panneau solaire wanaweza kutumia njia ya umeme: ndoo ya plastiki, maji yenye soda ya kufulia nguo, chaja ya betri. Waya wa kutoa, ule wa –, unafungwa kwenye sufuria. Ule wa + kwenye kipande cha chuma cha kawaida chenye hakigusane na sufuria. Kutu inageuka na kulegea bila kula chuma kizima. Usitumie inoksi kwa kile kipande, maana inatoa sumu katika maji. Fanyia kazi hiyo inje: kuko gazi inatoka na inaweza kuwaka.

3. Kukausha. Osha kwa maji safi, pangusa, weka mara moja juu ya mbabula mpaka maji yote yaishe. Fonti yenye haina mafuta inashika kutu mbele ya macho, kwa dakika chache tu.

4. Kuipaka mafuta. Sufuria ingali na joto, paka mafuta ndani, inje, chini na kwenye mifuniko. Kisha chukua kitambaa kikavu, pangusa kama vile unataka kuyatoa yote. Ile kidogo yenye inabakia ndiyo inatosha. Makosa ya watu wengi ni kupaka mengi: yanakuwa kama gundi.

Mafuta gani? Wengi watafikiri mawese, na mawese haiharibu kitu. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta ya namna yenye kuganda, na hayo hayakauke vizuri kwa moto. Ngozi yake inabakia laini. Mafuta ya soya ao ya alizeti yanakauka na kuwa ngumu kuliko mawese. Kwa kazi hii, chupa ndogo inatosha sufuria kadhaa.

5. Kuchoma. Geuza sufuria, mudomo chini, juu ya makala ya kutosha. Itatoa moshi, kwa hiyo kazi hiyo inafanyika inje. Iache karibu saa 1, mpaka moshi uishe, kisha ipoe yenyewe. Rudia kupaka na kuchoma mara 3 mpaka 5. Mafuta yanageuka kuwa ngozi nyembamba, nyeusi, yenye imeshikamana na chuma. Hiyo ngozi ndiyo inazuia kutu na inafanya chakula kisishike.

Kupika na kuichunga

Chakula cha kwanza kiwe cha mafuta: kukaanga samaki, makemba ao mikate. Kila mara ngozi inakomaa. Kwa majuma ya kwanza, acha tomati nyingi na ndimu. Ukali wake unaondoa ngozi mupya na unatia ladha ya chuma.

Maharagi, chai na majani fulani yanaweza kuwa meusi-meusi katika fonti. Haiko uchafu. Ni vitu vya asili vya hiyo mimea vinakutana na chuma. Lakini chakula kisilale ndani: kikiisha kuiva, kitoe.

Kwa kuosha, sabuni kidogo haidhuru. Chenye kinadhuru ni kuacha sufuria na maji. Kisangani mvua inanyesha karibu kila mwezi wa mwaka, hewa ina maji wakati wote, kwa hiyo kukausha juu ya moto na kupitisha kitambaa chenye mafuta ni kazi ya kila siku, haiko ya kila juma. Uchunguzi mumoja wa Malawi ulionyesha kama familia zenye zilipewa sufuria za chuma ziliacha kuzitumia pole pole, sababu ya uzito na kutu. Uzito hauna dawa. Kutu iko nayo.

Na usimwangie maji ya baridi sufuria yenye moto. Hapo ndipo nyingi zinapasukia.

Inafaa kusema pia kile fonti haifanye vizuri. Inachelewa kupata moto. Kwa kuchemusha maji ya chai, itakula makala bure. Lakini ikisha kupata moto, inauchunga. Kwa vitu vya kuiva polepole, kama sombe, maharagi, nyama ngumu ao makemba ya kutwanga lituma, makala kidogo yanaendelea kufanya kazi muda murefu.

Ikiwa imepasuka

Kuunganisha fonti haiko sawa na kuunganisha chuma cha murango. Fimbo ya soda ya kawaida inapasha moto pahali pamoja tu, na ikipoa ufa unafunguka pembeni. Mufundi mwenye anajua anapasha sufuria yote moto kwanza, anatumia fimbo za nikeli ao bronze, kisha anaiacha ipoe polepole ndani ya majivu. Kwa ufa wa mushikio, inalipa. Kwa ufa wa chini, penye moto na chakula vinakutana, mara nyingi hailipe.

Je, ni mali ya kuuza?

Katika Marekani kuko watu wenye kukusanya sufuria na kikaango za fonti, na wanajua kila alama. Kikaango cha Griswold, kiwanda cha muji wa Erie chenye kilianza 1865 na kumalizika 1957, kinaweza kununuliwa kwa bei ya juu sana kuliko kipya. Kiwanda cha Lodge, cha 1896, kingali kinamimina mpaka leo. Njia nyingi za kutoa kutu na kupaka mafuta zilikomazwa na wakusanyaji hao.

Lakini mutu wa Kisangani asidanganywe kama ana utajiri nyuma ya jikoni. Sufuria nyingi za zamani hazina jina lenye watu wa mbali wanalitafuta, na uzito wake unakula faida kwa njia. Bei yake ya kweli iko katika kazi: ni chombo chenye kiwanda cha kartie hakiwezi kutengeneza, na kwa kilo ya feraye kinauzwa sawa na msumari wenye kutu. Wenye kutaka kukusanya waandike kwa kila sufuria alama zake, ilikuwa ya nani, ilitoka kwa nyumba ao kampuni gani. Bila hiyo habari, inabakia chuma tu.

Na wenye hawana?

Si kila nyumba iko na sufuria ya fonti. Kwa wenye kupikia aluminium ya kumimina, kuko mambo ya kupunguza hatari. Chakula cha ukali, chenye tomati nyingi, ndimu ao vinegre, kipikwe katika chombo kingine: inoksi, ao nyungu ya udongo yenye haikupakwa rangi ya kungaa. Chakula kisilale katika sufuria. Bouillie ya mutoto, ikiwezekana, iwe na kisufuria chake kidogo cha inoksi.

Tena, ile desturi ya kusugua aluminium na muchanga mpaka inangaa kama kioo, yenye wamama wengi wanaihesabia kama usafi, inaondoa ngozi nyembamba yenye kufunika metali. Sufuria yenye imekuwa nyeusi kidogo ndani haiko chafu.

Na pale kilo ya feraye inapita kwa murango, kazi ya kwanza ni sumaku, ya pili ni kijiti cha kupiga, ya tatu ni kuuliza wazee. Ikishika, ikilia, na kama haikupikiwa sumu, mununuzi apewe vyuma vingine.